Kengele ya Sajini

Kwa miaka zaidi ya ishirini, watu wa upande ule wa Kayole hawakuhitaji saa ya kuwaambia kwamba maji yamefika. Walisikia kengele. Mlio wake ulikuwa mzito na wa chini, kama mtu anayegonga sufuria kubwa ndani ya nyumba ya jirani: ndo, ndo, kisha kimya, kisha ndo, ndo tena. Mara mbili, maana yake toeni mitungi. Mara tatu, maana yake mzigo huu ndio wa mwisho leo, na aliyelala ni shauri yake.

Kengele ilivaliwa na punda aliyeitwa Sajini. Sajini alikuwa wa Mulongo, ambaye ndiye aliyeitikisa kengele, na Mulongo alikuwa mume wa Nabalayo. Sajini alikufa. Mulongo naye Mungu alimwita mwezi wa Juni mwaka jana. Kengele ikabaki kwenye msumari juu ya kabati la vyombo, pale ghorofa ya kwanza anapokaa Nabalayo, na kila asubuhi akipangusa kabati aliigusa kwa kidole kimoja, taratibu, isije ikalia.

Hiyo ndiyo kengele aliyoitoa kwa mnada.

Ili mtu aelewe ni kitu gani alichokitoa, lazima kwanza amjue Mulongo. Alikuja Nairobi kutoka Kimilili mwaka wa themanini na tisa, na begi moja na barua ya mchungaji. Alipata kazi katika kiwanda cha misumari, akatia mashine mafuta kwa miaka saba, mpaka siku walipoitwa watu arobaini kwenye ua, wakapewa bahasha na kuambiwa asanteni. Jioni hiyo alipofika nyumbani aliweka mezani bahasha, na kando yake akaweka bolti moja nene kama kidole gumba.

"Hiyo ni nini?" Nabalayo akauliza.

"Ya mashine yangu."

"Umeiba?"

"Ilikuwa imeanguka sakafuni, Mama Mirriam. Nimeiokota tu."

Nabalayo hakuridhika. Aliombea ile bolti wiki nzima ili isilete laana nyumbani, na Mulongo alisema Amina kila mara, akiwa mtulivu kabisa.

Kwa pesa za bahasha alinunua punda na mkokoteni kutoka kwa mtu wa Njiru. Punda alikataa kutembea siku mbili. Siku ya tatu alitoka mwenyewe akasimama langoni, kifua mbele, masikio juu, akimkagua kila anayepita, ndipo akaitwa Sajini. Wachuuzi wengine wa maji walimwambia Mulongo atafute mjeledi. Yeye akasema, "Mimi nimepigiwa kelele na msimamizi miaka saba. Sikuona kelele ikisukuma hata toroli." Wakamcheka. Lakini hakununua mjeledi, wala siku hiyo wala baadaye.

Kengele ilitoka Kiamaiko. Kulikuwa na mchuuzi wa mbuzi pale, Abdiqadir, ambaye wiki moja ya kiangazi maji ya mfereji yalimkatikia huku mbuzi mia mbili wakiwa wametoka safarini. Mulongo alimletea maji tangu asubuhi hadi jioni, siku tatu mfululizo, akisema hesabu tutafanya wanyama wakishiba. Walipomaliza, Abdiqadir alimlipa, halafu akamwongezea kengele ya chuma iliyokuwa ya fahali wa baba yake. Haikuwa na ulimi. Mulongo aliigeuzageuza, akacheka peke yake, akaja nyumbani moja kwa moja. Alichukua ile bolti ya kiwandani akaifunga ndani kwa kipande cha mnyororo.

"Sasa unaona kazi yake?" akamwambia mkewe. "Ulidhani uliiombea bure?"

Hivyo ndivyo kengele ilivyopata sauti yake, na kwa sauti hiyo binti yao Mirriam akasoma, kodi ikalipwa, na jirani yao Wanja, muuza mboga wa ghorofa ya chini, akazoea kukurupuka na mitungi miwili hata kabla hajavaa kitambaa cha kichwa.

Mambo yaliharibika mwaka wa 2018, mtaro ulipokuwa ukichimbwa kando ya barabara. Sajini alikuwa amezeeka. Aliteleza, akaingia mtaroni, mkokoteni ukamfuata. Mguu wa nyuma ulichanika hadi mfupa ukaonekana. Kabla ya saa moja kupita walikuja wanaume wawili na pikapu. Miaka hiyo ngozi za punda zilikuwa na soko kubwa.

"Mzee, huyu amekwisha. Tupe tumalizie, tukulipe."

 Mulongo alishuka mtaroni akaketi kwenye matope, akapakata kichwa cha punda mapajani, akabaki hapo. Ni Wanja aliyekumbuka namba ya simu aliyoiona imechorwa ukutani, ya kikundi cha kuokoa wanyama. Alipiga akiwa na wasiwasi, akidhani watauliza pesa za mafuta. Hawakuuliza. Walikuja na lori, na daktari mwanamke aliyevaa gambuti, ambaye aliingia mtaroni bila kusita na kumwambia Mulongo, "Baba, endelea kumshika hivyo hivyo."

Sajini hakuvuta mkokoteni tena. Aliishi miaka mitatu kwenye boma la hao watu, huko mbele ya Athi River, akila nyasi na kukagua wageni langoni. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi Mulongo alimpelekea majani ya kabichi kutoka kibanda cha Wanja. Alikuwa akirudi nyumbani na maneno yale yale: "Nabalayo, hawa watu sijawahi kuwapa hata kikombe cha chai." Na hospitalini, siku mbili kabla ya kuaga, sauti ikiwa imebaki kidogo, alisema, "Wale watu wa Sajini."

"Nimesikia, Baba Mirriam," Nabalayo akajibu. Na alikuwa amesikia.

*

Mwezi wa Machi mwaka huu Mirriam, ambaye ni fundi wa nguo huko Tassia, alikuja kumwona mama yake baada ya ibada akamwonyesha simu. Kile kikundi kilikuwa kinafanya mnada kwenye mtandao ili kujenga banda jipya la punda na mbwa. Mtu anatoa kitu, kinapigwa picha, watu wanaandika bei chini yake, na Jumapili inayofuata saa kumi jioni mwenye bei ya juu anakichukua. Watu walikuwa wametoa michoro, keki, mkoba wa ngozi, hata siku mbili za kulala hotelini Naivasha.

Nabalayo alitazama simu, kisha akatazama msumari.

"Teremsha hiyo kengele uipige picha."

"Mama, hiyo ni ya Baba."

"Ndiyo. Na deni la chai ni la nani?"

Akaisugua kwa jivu na limau, akimwimbia Bwana, uso wake mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu mazishi. Mirriam alipiga picha huku akijifuta machozi, akimwona mama yake kuwa jasiri sana.

Lakini hakuwa jasiri. Alikuwa anafikiria mnada wa kanisani.

Kanisani kwao, Jumapili ya mwisho wa mwezi, watu huleta vitu vya shukrani: kuku, trei ya mayai, mkungu wa ndizi. Nabalayo ndiye huviuza baada ya ibada, kwa sababu ana sauti na hana haya. Na mnada ule una taratibu zake. Mwenye kitu ndiye hutaja bei ya kwanza, kufungua njia. Halafu anayenunua, kama ana adabu, habebi kitu kwenda nacho nyumbani. Husema, "Nimerudisha mezani," na watu hupiga makofi, na kitu huuzwa tena. Jogoo wa Mama Khavere aliwahi kuuzwa mara sita siku moja. Kanisa lilipata mabati, na jioni jogoo alikuwa amelala nyumbani kwa Mama Khavere, ameshiba.

Kwa Nabalayo, basi, mnada ni mahali kitu hutoka, kikafanya kazi ya Mungu, kikarudi. Alijua kengele itarudi kama vile alivyojua kesho ni Jumatatu.

Jioni hiyo hiyo akamwambia Mirriam, "Andika hapo, Nabalayo, elfu mbili."

"Mama! Huwezi kununua kitu chako."

"Sinunui. Nafungua."

Wanja alikuwa amekaa kwenye kochi akimenya njegere. "Mwandikie tu, Mirriam. Huyu mama yako ukimkataza atapanda juu ya kiti aanze kuuza hapa hapa, na mimi sina pesa."

Mirriam akaandika. Muda si muda Eve, msichana wa kikundi anayesimamia mnada, akajibu kwa upole kwamba wanashukuru, ila mtoaji haruhusiwi kutaja bei. Nabalayo akashangaa kidogo. "Labda ni wageni wa mambo haya," akasema. "Watajifunza."

Wiki ile alikuwa na furaha. Watu walianza kuandika chini ya picha, na wengi hawakuandika bei, waliandika kumbukumbu. Mmoja alisema kengele ile ndiyo iliyomwamsha siku ya mtihani wa darasa la nane. Mwingine alisema mama yake alikuwa akimtuma na mitungi mitatu na mikono miwili. Mwingine, aliyeko Qatar, aliandika tu: ndo, ndo. Mirriam alipokuwa akisoma, Nabalayo alisema, "Rudia huyo wa Qatar."

Jumapili saa kumi mnada ulifungwa. Kengele ilikuwa imefika elfu kumi na nane, na bei hiyo ilikuwa ya mtu aitwaye Wathome. Nabalayo alipiga makofi, akasimama, akaomba maombi ya shukrani mpaka Wanja akakohoa. Halafu akaketi, akapanga leso magotini.

"Haya. Mwambie sasa arudishe mezani."

"Nani?"

"Huyo Wathome."

Mirriam alimtazama mama yake. Akatazama kengele ukutani. Ndipo alipoelewa. "Mama, huko hakuna kurudisha. Ameinunua. Ni yake."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Punde Eve akatuma ujumbe wa sauti, na sauti yake ilikuwa na furaha tele: "Mama Mirriam, Mungu akubariki sana. Wathome ameshalipa. Atakuja Jumamosi kuichukua mwenyewe, anasema anataka kukusalimia."

Wanja alikuwa ameacha kumenya njegere zake. Hakufanya utani.

*

Jumanne, kwenye maombi ya akina mama, Nabalayo alipiga magoti na kuomba kimoyomoyo: Bwana, wewe unajua nilitoa. Lakini pia unajua sikutoa. Hakuweza kuendelea. Alikumbuka Hana wa Biblia, aliyemwomba Mungu mtoto kwa machozi kisha akampeleka hekaluni, akamwacha huko. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea, hakwenda kumrudisha. Nabalayo alikuwa amefundisha somo hilo mara nyingi. Hakuwahi kujiuliza Hana alitembeaje siku ile ya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Alhamisi akaenda soko la Gikomba. Alijiambia anakwenda kutafuta shuka. Alipita kwenye shuka bila kuzitazama, akaenda hadi kwa mafundi wa chuma, akauliza kengele. Alionyeshwa nne. Ya tatu ilikuwa na umbo lile lile, weusi ule ule. Akaitikisa. Ililia kwa sauti nyembamba, kama kijiko ndani ya kikombe cha bati.

"Ni nzuri, mathe. Hiyo haivunjiki," fundi akasema.

"Haina uzito."

"Ya ng'ombe ama ya punda?"

 Nabalayo alilipa akaondoka haraka, akiinamisha uso kama mtu aliyeonwa na mchungaji wake mahali pabaya. Nyumbani akaisugua kwa jivu na limau, akaitundika kwenye msumari. Ile ya Mulongo akaifunga kwa kanga na kuizika ndani ya mkebe wa unga.

Wathome alifika Jumamosi saa nne asubuhi, mwanamume wa miaka karibu arobaini, kipara kimeanza, amebeba mfuko wa machungwa. Mirriam alikuwa amekuja kumpokea. Wanja alikuwa amejileta.

"Bwana asifiwe, mama."

"Asifiwe sana, baba. Karibu ukae. Chai ipo."

Alieleza kwamba alilelewa pale pale nyuma ya soko, kabla mama yake hajafariki na wao kurudi Machakos. Sasa ana shamba dogo la machungwa, na amechukua punda wawili waliookolewa na kile kikundi, mmoja kipofu. Huyo kipofu hupotea hata akiwa malishoni, na yule mwenzake hawezi kumwita.

"Nilipoona ile picha, nikasema hiyo kengele akiivaa huyo mzima, kipofu atamfuata. Lakini mama, nikuambie ukweli, sikuitaka kwa sababu ya punda peke yake." Alizungusha kikombe mkononi. "Mama yangu alikuwa mgonjwa miaka miwili. Hakuwa anatoka kitandani. Kengele ikilia alikuwa ananiambia, Wathome, mzee amefika, amka, leo pia tumeamka. Kila siku hivyo. Leo pia tumeamka."

Mirriam akainuka. Hakujua chochote juu ya mkebe wa unga. Alitoa kengele msumarini akampa mgeni kwa mikono miwili.

Wathome aliishika kwa muda kabla ya kuitikisa. Kisha akaitikisa mara mbili, polepole, kama ilivyokuwa ikilia.

Ting, ting.

Wanja aliinua macho, akamtazama Nabalayo.

Wathome akaitikisa tena. Uso wake ulikuwa umengoja kitu, na kitu hakikuja. Aliona aibu kidogo, akatabasamu. "Nilikuwa mtoto," akasema. "Nilidhani ilikuwa nzito zaidi. Mtoto husikia vitu vikubwa." Akaanza kuifunga kwenye gazeti, kwa uangalifu, kama mtu anayefunga kitu cha thamani hata hivyo.

Nabalayo aliona mikono ile ikifunga gazeti. Angenyamaza, mtu huyu angekwenda zake bila neno la lawama. Angekwenda akiamini kwamba ile sauti haikuwahi kuwapo. Kwamba mama yake alikuwa akiamshwa na kijiko ndani ya kikombe.

"Ngoja, baba."

Aliingia jikoni. Walisikia mfuniko wa mkebe ukifunguka. Alirudi mikono yake ikiwa myeupe hadi viwikoni, na kanga mkononi, na unga ukidondoka sakafuni.

"Nisamehe. Nilikudanganya. Nilikwenda Gikomba Alhamisi nikanunua hiyo unayofunga. Yako ni hii."

"Mama!" Mirriam akasema.

Nabalayo hakumwangalia mtu. Alishika kengele kwa pete yake, akaitikisa kama Mulongo alivyokuwa akimwonyesha, si kwa kiganja, kwa bega.

Ndo, ndo.

Unga uliruka kama moshi. Kule chini mlango ulifunguka kwa kishindo, na sauti ya mama mmoja mzee, ambaye hakuwa ameagana vizuri na usingizi, ikapanda ngazi: "Maji imekuja? Mulongo! Ngojea mitungi!"

Kisha ikanyamaza, ikikumbuka.

Wathome alikuwa ameweka mkono usoni. Walimwacha. Alipouondoa alisema, "Mama, kaa nayo. Pesa zimeenda kwa wanyama, zimefanya kazi. Mimi nimeisikia, yatosha. Narudisha."

Hilo ndilo neno Nabalayo alilokuwa akilingoja wiki nzima. Lilikuja lenyewe, bila kuombwa.

"Huko Machakos," Nabalayo akauliza, "huyo kipofu anaitwa nani?"

"Bado hana jina."

"Mpe jina. Na umwambie ya mara mbili ni chakula. Mara tatu ni kurudi nyumbani. Usiwachanganye." Akaiweka mapajani mwa Wathome. "Chukua uende, baba, kabla moyo wangu haujabadilika. Na usimpige."

"Sina hata mjeledi, mama."

"Basi," akasema. "Basi, imefika kwa mtu."

Alimsindikiza hadi langoni. Kengele ilikuwa ndani ya mfuko, lakini kwa kila hatua ya Wathome iligonga kidogo, na Nabalayo alisimama pale akiisikia ikipungua, mpaka ikamezwa na honi za Spine Road. Kisha akapanda ngazi mikono mitupu, akachukua ufagio, akafagia unga.

*

Ile ya Gikomba hakutaka kuiona msumarini. Jumapili ya mwisho wa mwezi aliipeleka kanisani, akaiweka mezani kati ya mayai na ndizi, akaiuza mwenyewe kwa bidii kubwa, akiisifu kwa yote isipokuwa sauti. Mzee Opicho akainunua. Nabalayo alikuwa ameshaanza kushukuru ilipotoka ile kelele kutoka viti vya nyuma: "Rudisha mezani!"

"Hapana, mwacheni Mzee aende nayo," Nabalayo akasema. "Anaihitaji."

"Ya nini?" Opicho akauliza. "Mimi nina ng'ombe hapa Kayole? Nimerudisha!"

Iliuzwa mara nne. Wa mwisho kuinunua alikuwa Wanja, ambaye hata si wa kanisa hilo, aliyekuja siku hiyo kwa sababu zake. Alisimama, akajipangusa sketi, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Nimemnunulia mama wa mnada mwenyewe. Awe anatuita nayo."

Makofi yakajaa jengo. Nabalayo alimtazama jirani yake kwa macho makali, halafu hakuweza kujizuia. Alicheka mpaka akashika meza, kicheko cha kwanza kirefu tangu Juni. Akaiinua ile kengele ya Gikomba, akaitikisa kwa bega.

Ting, ting.

"Haya," akasema, akijifuta macho kwa kitambaa. "Trei ya mayai. Nani anafungua?"